Sauti ya Bawabu

Mtaani walimwita Redio, na wala hakuchukia. Alikuwa mchoraji wa mabango, mtu wa ngazi na makopo ya rangi, ila watu walimjua kwa mdomo kuliko kwa brashi. Angeweza kumwiga diwani akiomba kura, mwalimu mkuu mwenye mafua, hata mlango wa duka la nyama unavyolia ukifunguliwa. Akiingia mahali, waliotumwa chumvi walirudi nyumbani na sukari.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akivaa viatu. Kilichukua mkono wa kulia, mguu kidogo, na upande mmoja wa mdomo. Aliporudi kutoka hospitali, maneno yote yalikuwamo kichwani mwake, timamu, lakini yakifika mdomoni yanateleza na kugandana. Mtaani mtu mmoja alisema, "Redio imekosa mawimbi," wenzake wakacheka, kisha kila mmoja akajifanya anatazama simu yake.

Walibaki yeye na mkewe katika nyumba yao ya zamani, moja ya zile nyumba za mstari zinazogawana ukuta. Binti yao mkubwa alikuwa mfamasia katika duka la dawa upande wa pili wa mji. Kila Jumamosi, akishalikunja koti lake jeupe, alikuja kulala kwa wazazi ampumzishe mama yake hadi Jumapili jioni. Mdogo wake, kitinda mimba aliyekuwa fundi umeme na kwa hiyo akaitwa Waya, alikuja kila Jumapili, akala, akatengeneza swichi moja isiyo na ubovu, akaondoka.

Na alikuwepo jirani wa ukuta wa kushoto, Mama Saa. Jina hilo alilipata kwa mumewe, marehemu fundi saa. Huyu mama ndiye aliyetangulia kufika siku Redio aliporudishwa. Hakuja kulia wala kutoa pole ndefu. Alikuja na bakuli la uji.

"Usimlishe amelala," alimwambia mke wa Redio. "Mwinue, mwekee mto hapa. Na uji uwe mzito. Mwepesi utampalia."

Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi. Mtaalamu wa matamshi kutoka hospitali alipoacha karatasi ya mazoezi, Mama Saa ndiye aliyekaa na Redio akimsomesha: pa, ba, ma, papa, baba, mama. Redio alijitahidi. Mke wake aliwaambia watoto kwa simu, "Huyu jirani Mungu amletee heri. Baba yenu jana amesema 'chumvi' nikamwelewa mara ya kwanza."

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku binti alipokiona kitabu.

Alikuwa akitafuta mashuka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Chini ya mashuka, chini ya pazia kuukuu, kilikuwepo: jalada limechanika, lakini bado picha ilionekana, mvulana mwenye magoti makubwa akirukia ukuta wa shule, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Binti alikaa sakafuni akacheka peke yake.

Kilikuwa kitabu cha mtoro. Kijana wa shule ya bweni, jina lake la utani Mguu Nje, kila sura anabuni njia mpya ya kutoroka, na kila sura anakamatwa na bawabu wa getini. Redio aliwasomea kitabu kile walipokuwa wadogo, baada ya kula, tena na tena, mpaka waliweza kutangulia kusema mstari kabla yake. Waya alikuwa mdogo mno, anakumbuka zaidi kuchekeshwa kuliko hadithi. Lakini dada yake alikumbuka. Hasa alimkumbuka bawabu. Baba alikuwa na sauti ya bawabu: mdomo unapinda, ulimi unalegea, maneno yanatoka kama ya mtu aliyebugia kiazi cha moto. Bawabu akifungua mdomo tu, wao walikuwa tayari wameshaanguka mkekani, mbavu hawana.

"Mama, unajua nimepata nini?" alisema akitoka chumbani. "Kesho Waya akija tunamsomea baba. Sasa ni zamu yetu."

Mama yake alikiangalia kile kitabu, akakigeuza. "Kumbe bado kipo?" aliuliza. Kisha akarudi kwenye sufuria zake.

Jumapili mchana, walipomaliza kula, madirisha yakiwa wazi kwa joto, binti alimweka baba yake vizuri kwenye kiti cha mito. Waya alikaa sakafuni na miaka yake thelathini na ushei kama mtoto. Mama alibaki karibu na mlango na bakuli la njegere za kumenya. Redio alipoliona jalada, jicho lake la upande mzima lilifunguka, kisha likatazama pembeni. Binti alidhani amefurahi.

Akaenda moja kwa moja kwenye sura waliyoipenda: Mguu Nje amevaa gauni na mtandio wa mke wa mwalimu mkuu, anatembea kwa madaha kuelekea getini. Alisoma vizuri, ana sauti ya baba yake. Waya alianza kucheka kabla gauni halijafika getini.

"'Basi bawabu akasimama,'" alisoma, "'akamtazama kutoka juu hadi chini, akasema...'"

Na hapo hakutazama tena kitabuni, maana maneno ya bawabu aliyajua kwa moyo. Aliupindisha mdomo upande. Akaulegeza ulimi. Akaacha maneno yajiburute, yagandane, yadondoke na mate kidogo, hivyo hivyo kama zamani.

Waya alipiga paja. "Ndiyo yenyewe! Baba kabisa! Dada, umemtoa baba kabisa!"

Neno lile lilitoka mdomoni mwake likasimama katikati ya chumba.

Binti alisikia sauti yake mwenyewe ikikatika. Mdomo ulikuwa bado umepinda. Alihisi shavu lake lilivyokaa, na mbele yake, juu ya mito, aliona shavu la baba yake limekaa vile vile. Yeye, mfamasia, aliyempangia baba yake vidonge kwenye kisanduku chenye vyumba saba, aliyewaeleza wateja kila siku kiharusi ni nini na kinafanya nini. Aliunyoosha mdomo polepole, kama anayerudisha kitu cha mtu akidhani hajaonekana.

"Baba," alisema. "Baba, sikukusudia..."

Redio alikuwa amegeuza uso ukutani. Njegere moja ilidondoka kwenye bakuli la mama; kisha mama akainuka akaenda jikoni na hakurudi. Waya akasema kuna waya ameuacha mahali, akaondoka bila kuaga sawasawa.

Toka siku ile Redio hakusema neno. Si kwamba alishindwa. Alifunga mdomo. Karatasi ya mazoezi ikiwekwa mbele yake, aliisukuma kwa mkono mzima. Akitaka maji alinyoosha kidole. Mtaalamu wa matamshi alikuja, akakaa, akaondoka akitikisa kichwa. "Alikuwa anaendelea vizuri sana," alisema. "Kimetokea nini hapa?" Mama alijibu kuwa ni uchovu.

Binti aliomba ruhusa kazini akaja katikati ya wiki. Alipiga magoti mbele ya kiti. "Baba, nisamehe. Nilikuwa mjinga. Baba, niangalie basi." Alilia, akaomba tena, akamshika mkono. Redio alimpapasa kichwani mara moja kisha akafumba macho. Mpapaso ule ulimchoma kuliko kofi.

Jikoni mama yake alimpa kitambaa afute uso.

"Mwache," alisema mama.

"Nitamwachaje? Mpaka anisamehe."

"Unataka akusamehe ili wewe upate usingizi. Yeye ana mzigo wake, unamwongezea na wa kwako."

Binti akabaki anasugua sahani iliyokwisha kutakata.

"Na Mama Saa naye," mama aliendelea, kama anayezungumza na sufuria, "tangu Jumapili hajakanyaga hapa."

"Anaumwa?"

"Nimemwona anafagia."

Binti aliporudi kazini alikibeba kile kitabu mkobani. Hakutaka kibaki nyumba ile. Alikusudia kukitupa, lakini saa ya mapumziko, akiwa amekaa chumba cha nyuma kati ya maboksi ya dawa ya kikohozi, alikifungua. Alitaka aone kwa macho yake ni mtu gani mwenye roho mbaya aliyeandika vile, akawapa watoto wacheke mgonjwa.

Aliisoma sura ya gauni. Akarudia. Akarudi nyuma hadi bawabu anapoingia mara ya kwanza, akasoma mpaka mwisho wa kitabu, chakula chake kikiwa hakijafunguliwa.

Bawabu wa kitabuni hakuwa na kasoro yoyote ya ulimi. Mdomo wake haukupinda popote. Mguu Nje alipofika getini na mtandio wake, bawabu alisema kwa adabu kabisa: "Habari za jioni, mama. Naona leo umeamua kuvaa viatu vya mpira." Basi. Kila alipozungumza alizungumza hivyo, mtu mtulivu asiyepitwa na kitu, mwenye ulimi mwepesi kuliko walimu wote wa shule ile. Na kusema kweli kitabu chenyewe hakikuwa cha kuvunja mbavu kiasi alichokumbuka. Kilichekesha hapa na pale, kwa upole. Vichekesho vingine vyote vilikuwa vya baba. Na sauti ile ilikuwa ya baba.

Lakini baba hakubuni sauti. Baba aliiga. Diwani, mwalimu mkuu, mlango wa duka la nyama: kila alichokifanya kilikuwa na mwenyewe.

Hapo binti alimkumbuka fundi saa. Alimwona mlangoni pake kwenye kigoda, mdomo umepinda upande, mkono mmoja mapajani umekufa ganzi, mwingine umeshika saa ya mtu. Alikumbuka yeye na watoto wenzake wakimpitia makusudi. "Shikamoo fundi!" Wakingoja lile "marahaba" lililotoka kwa taabu, wapate kukimbia hadi kona wakaangukiana kwa kicheko. Aliweka kitabu juu ya boksi. Mteja aligonga kengele ya kaunta mara mbili kabla hajasikia.

Jumamosi hakumsalimu mama yake vizuri, alimvuta jikoni.

"Ile sauti ilikuwa ya fundi saa."

Mama aliacha alichokuwa akifanya. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Ulijua?" binti aliuliza.

"Nyumba hii, mwanangu, ukikohoa jirani anasema pole. Nilikuwa namwambia baba yako, punguza sauti." Alitazama mikono yake. "Kila mara nilisema punguza. Sikusema acha. Na mimi nilikuwa nacheka."

Binti alikwenda sebuleni. Safari hii hakupiga magoti. Alivuta kigoda akakaa karibu na baba yake.

"Baba, nimekisoma kitabu. Bawabu hana ile sauti."

Redio alimtazama. Ni muda hajamtazama mtu usoni. Mdomo ulitetemeka, ukafunguka, ukatafuta pa kuanzia. Alichukua muda mrefu, lakini binti alielewa kila neno: "Si wewe. Ni mimi." Kisha akanyanyua mkono mzima akaelekeza ukuta wa kushoto. "Nipeleke."

"Sasa hivi?"

Akatikisa kichwa kukubali. Alitaka shati safi. Mama akamletea, akamfunga vifungo, na yeye akajifunga mtandio. "Hatumwachi aende peke yake," alisema. "Sote tulikuwepo."

Mama Saa alifungua mlango akawaona watatu wamesimama, yule wa katikati ameshikiliwa pande mbili. Hakushangaa. Alisogea wapite. Sebule yake ilikuwa sawa na ya kwao iliyogeuzwa kama kwenye kioo, na kiti cha marehemu kilikuwa kimeegemezwa kwenye ukuta ule ule waliogawana.

"Kaeni," alisema. "Chai ipo."

"Shikamoo mama," alisema binti.

"Marahaba."

Walikaa. Redio alikunja shingo, akakusanya nguvu, akaanza. Alitaka kusema neno moja, na neno hilo lina *sa* na lina *ha*, tena alikuwa wiki nzima hajaupa mdomo kazi. Lilitoka vipande. Likakwama. Akarudi mwanzo. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Binti alitaka kumsaidia. Ulimi wake ulikuwa tayari umeshikilia silabi ya mwisho, lakini Mama Saa aliinua kiganja, kidogo tu, akamzuia. Alimtazama Redio machoni, bila haraka, bila huruma iliyopitiliza, kama mtu aliyewahi kungoja hivyo miaka mingi. Akangoja mpaka neno likafika lote.

"Nimesikia," alisema.

Mke wa Redio alikuwa akikunja na kukunjua pindo la mtandio wake.

"Mume wangu alikuwa anazipenda zile hadithi," alisema Mama Saa. "Nyinyi hamkujua. Mkimaliza kula tu, ananiambia nisogeze kiti ukutani, asikie. Mguu Nje kafika wapi leo. Yeye alikuwa na mtu mmoja aliyempenda humo, bawabu. Anasema huyo ndiye mwenye akili. Mwanzoni wewe hukuwa na sauti ile, unakumbuka? Ulimsoma kama mtu."

Redio alifumba macho. Alikumbuka.

"Siku ya kwanza ulipoiweka, na yeye alicheka. Alikuwa hajatambua. Mimi nilitambua. Nikaomba asitambue. Siku ya pili akanyamaza. Siku ya tatu akaniambia, nirudishe kiti mlangoni." Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Baadaye na mlangoni akaacha kukaa. Watu wakaja na saa zao, akawa anawajibu kwa kichwa."

"Mama Saa," alisema mke wa Redio.

"Nilikuwa na neno lako," Mama Saa alimwambia Redio. "Nililitunza miaka. Hujafa hujaumbika. Nilisema, siku moja yakimpata na yeye nitalisimamisha mlangoni pake nimpige nalo usoni. Wakakuleta umebebwa, nikakuona, nikalitafuta lile neno. Nikajikuta nakoroga uji." Akacheka pumzi moja, si kicheko cha furaha. "Nikasema yaishe. Halafu Jumapili ile, madirisha wazi, namsikia tena marehemu. Nikadhani nimechanganyikiwa."

Ndipo binti alipoelewa kuwa Mama Saa hakuwa akisusa kwa ajili ya mambo ya zamani peke yake.

"Yule nilikuwa mimi," alisema. "Si baba. Mimi ndiye niliyesoma."

"Najua. Sauti ya mwanamke siijui?" Mama Saa alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Hata zamani, kicheko kilichokuwa kinapita ukuta zaidi ya vyote ni chako. Nilikuwa nakijua."

"Ndiyo, mama," alisema binti. Alitaka kusema alikuwa mtoto. Akakumbuka umri aliokuwa nao Jumapili iliyopita, akaliacha.

Walikunywa chai. Hakuna aliyesema nimekusamehe, na hakuna aliyeuliza. Walipoinuka, Mama Saa alimshika Redio upande ulio dhaifu, kwa namna ya mtu anayejua uzito unapoangukia, akamvusha kizingiti. "Wiki nzima hujafanya mazoezi," alisema. "Ulimi ukilala haurudi." Kisha akafunga mlango.

Jumapili asubuhi Redio aliiomba karatasi ya mazoezi mwenyewe. Mke wake alimsomesha, kwa ubabaifu, akiruka mistari. Jumatatu Mama Saa hakuja, wala Jumanne. Redio alikuwa anatazama mlango kila ukilia, lakini akaendelea: pa, ba, ma. Alianza pia kukaa nje barazani, jambo aliloliogopa tangu augue. Wapita njia walimsalimu, na aliwajibu kila mmoja mpaka mwisho, hata wale ambao hawakuwa na subira ya kungoja jibu. Wengine walicheka walipofika kona. Aliwasikia. Alimwambia mkewe kwamba aliwasikia, na kwamba ni haki yake.

Waya alielezwa kwa simu. "Mimi sikumbuki hata uso wa fundi," alisema. "Nakumbuka sauti tu." Akasema tena, taratibu, "Na hiyo nayo siyo yake."

Jumamosi iliyofuata binti alifika mchana kama kawaida. Aliweka mkoba, akaenda jikoni, akamkuta mama yake anapanga vikombe kwenye sinia, kimoja zaidi.

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya baba yake ikiburura neno refu, ikifika katikati na kuanguka. Kisha sauti kavu ya mwanamke:

"Rudia."

Akarudia. Likaanguka tena.

"Rudia. Usiharakishe, hakuna anayekufukuza."

Binti alibeba sinia akafika hadi kwenye pazia, akasimama. Nyuma yake mama yake alisema kwa sauti ya chini, "Ingia, chai inapoa," naye akasogeza pazia kwa kiwiko, akaingia.

"Shikamoo mama."

Mama Saa hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Marahaba," alisema, akasogeza kiti chake kidogo ili sinia lipate pa kukaa.